Mche Mmoja Safi

Siku mliyoniaga pale maabara nilipostaafu mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mkuu wa idara alikuwa ameshatumia muda wake na wangu pia. Tangu hapo mmekuwa mkinipigia simu: agari ikikataa kuganda mfanye nini, kichujio cha kabati la hewa safi husafishwaje, na yule mwanafunzi wa Malawi mnayemsikia kila mara alifanyaje mpaka akafaulu. Nimeona niandike mara moja. Msome mkiwa mnakunywa chai. Anayesoma haya ndani ya maabara akiwa na kikombe mkononi, basi sikumfunza kitu.

Habari za vyeo sitaandika. Niliingia nikiwa fundi wa maabara na nimetoka nikiwa fundi wa maabara mwenye funguo nyingi zaidi.

Nilifika chuoni nikiwa msichana wa Gatundu, diploma yangu iko ndani ya mkoba, na ndani ya mkoba ndiko ilikokaa kwa muda mrefu. Aliyenipokea ni Bwana Odhiambo, fundi mkuu wa wakati huo, mtu mrefu na mpole, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alinipeleka kwenye sinki, akanionyesha mlima wa chupa chafu, akaniambia kazi ya kukuza mimea kwenye chupa huanzia hapo. Nilidhani ananipima kwa siku moja. Niliosha chupa mpaka mvua ya masika ikaisha. Nilikuwa nikirudi nyumbani, mtaa wa Landless, Thika, jioni vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka mtoni, na mama mwenye nyumba akaamini kwa miezi kadhaa kwamba nimeajiriwa hotelini.

Baadaye nilielewa kwa nini. Kazi yetu, kwa wale mtakaosoma haya na si watu wa fani, ni kuchukua kipande kidogo sana cha mmea, kukitakasa, na kukiweka kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa kwa agari kama jeli: sukari, chumvi za aina aina, vitamini. Ukikipa mwanga na joto la kadiri, kile kipande hukua kikawa mmea mzima. Shida ni kwamba ukungu na bakteria nao wanapenda sukari, na hawasubiri kukaribishwa. Chupa iliyooshwa vibaya ni mlango ulioachwa wazi.

Bwana Odhiambo alinifunza kila chombo kwa zamu. Otokleve, lile sufuria kubwa la mvuke wa presha, aliniambia nisiamini mshale wake, nisikilize sauti yake. Kisu cha upasuaji alinifunza kukishika kama kalamu ya mtu asiye na haraka. Na ili mkono wangu uzoee darubini, alinituma sokoni nikanunue sukuma wiki yenye vichipukizi. Ndani ya kila kichipukizi, ukivua majani moja moja mpaka yale yasiyoonekana kwa macho, kuna ncha inayong'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini. Ncha hiyo ndiyo mmea wenyewe unapoanzia. Nilikata ncha za sukuma mpaka nikaziota. Mboga zilizobaki tulizibeba nyumbani, na kwa majuma mengi familia mbili, ya Odhiambo na yangu, hazikula kingine.

Alipostaafu akarudi Siaya, funguo nikapewa mimi, na wanafunzi nao wakawa wangu. Mwanzoni walikuwa wa kwetu tu. Kisha wakaanza kuja wa nje: Mrwanda mmoja aliyepanga kila kitu kwa mstari mnyoofu, Msudani Kusini aliyeimba akiwa anapima kemikali, Watanzania waliotusahihishia Kiswahili kwa upole uliouma. Wote walikuja kwa uzamili wa utafiti, na nitasema kidogo juu ya huo uzamili, maana wengi huuingia wakidhani ni madarasa zaidi. Sio. Unapewa swali moja, au unalileta mwenyewe, na miaka miwili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikosea anapoteza alama. Wa uzamili wa utafiti akikosea anapoteza msimu, na mmea haujali kwamba kibali chako cha kukaa nchini kina tarehe ya mwisho na mfadhili wako ana tarehe yake.

Chisomo alikuja Januari moja yenye jua kali, msichana mwembamba wa kutoka Zomba, Malawi, mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Alikuwa amepanga kachumba Ruiru, ghorofa ya nne, kwa sababu dada mmoja wa kwao aliyesoma hapa kabla yake alimwambia Ruiru kuna maji. Dada huyo alikuwa ameondoka kabla mambo ya maji hayajabadilika.

Kiswahili alikuwa hana, ila Kichewa chake na Kiswahili chetu vilikuwa vinasalimiana kwa mbali. Moto ni moto, nyumba ni nyumba. Kilichobaki alijifunza kwa majirani na vijana wa bodaboda waliokaa chini ya ghorofa yao, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Wiki ya pili alikutana na msimamizi wake, Profesa Kiragu, mzee wa kanisa na mtu wa tai kila siku, akamsalimu mbele ya wanafunzi wote kama vijana wa mtaani, "Niaje, Prof." Profesa alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akajibu, "Poa," na mimi nilikuwa nimefanya naye kazi miaka yote hiyo bila kujua kwamba neno hilo analo.

Kulikuwa pia na jambo la r na l. Ninyi mnanijua, mimi ni Mkikuyu wa Gatundu, l kwangu ni mgeni anayekuja akitaka. Chisomo naye Kichewa chake kilimfanya abadilishe hizo herufi bila taarifa. Kati yetu wawili zilikuwepo za kutosha, ila kila mmoja aliziweka anapotaka. Siku moja alinijia kwa adabu sana, mikono ameikutanisha, akasema, "Amayi, naomba laki moja." Amayi kwao ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza laki moja ya nini, mbona pesa nyingi hivyo, kuna mgonjwa? Akanionyesha kwa vidole: kile kitu cha kusimamishia chupa. Raki. Tulicheka mpaka Profesa akatoka ofisini kuona nini kimevunjika.

Utafiti wake ulihusu viazi vitamu. Hata hapo lugha ilimchezea. Kwao viazi vitamu ni mbatata, kwa hiyo alienda soko la Thika akaomba mbatata, na kwa bahati yake mama aliyemhudumia alikuwa amewahi kuishi Mombasa, kule ambako mbatata ni viazi vya kawaida. Alirudi maabara na mfuko mzima wa waru, viazi vya chipsi. Nilimweleza kwamba anachotaka sisi tunaita ngwaci. Akaliandika hilo neno nyuma ya mkono, akarudi sokoni siku hiyo hiyo.

Swali alilokuja nalo halikuwa la mzaha. Viazi vitamu hupandwa kwa mashina, si kwa mbegu. Unakata shina la mwaka huu, unalipanda, mwakani unakata tena. Virusi vikiingia shambani, husafiri na mashina hayo kizazi hadi kizazi, mpaka mmea uliokuwa ukizaa viazi vya kushika kwa mikono miwili unazaa vitu vya unene wa kidole. Kijijini kwa babu yake Chisomo aina tatu za zamani zilikuwa zimepotea hivyo akiwa bado yuko shule ya msingi. Alitaka kujifunza kuzisafisha zile ambazo bado zipo. Njia inajulikana: unauweka mmea kwenye chumba cha joto kali kwa wiki kadhaa, maana joto hupunguza mwendo wa virusi, halafu unakata ile ncha ndogo kabisa ambayo virusi havijaifikia, unaikuza kwenye chupa. Kusema ni rahisi.

Alichagua aina mbili. Moja ilikuwa ya kisasa, inayopatikana kote. Ya pili tuliipata upande wa Ithanga, mashariki ya Thika, kwa mkulima aitwaye Mama Mwende, mama wa makamo mwenye kofia ya jua na maneno mengi. Haikuwa na jina kwenye kitabu chochote. Yeye aliiita "ile ya mama mkwe," kwa sababu mama mkwe wake ndiye aliyempa mashina siku alipoolewa. Alisema miaka ya nyuma ilimlishia watoto wakati wa kiangazi, mahindi yote yakiwa yamekauka. Sasa ilikuwa inazaa mizizi tu. Hakuwa na moyo wa kuing'oa.

Mwezi wa kwanza Chisomo alipokaa kwenye darubini, mkono ulimtetemeka. Nilimtuma sokoni akanunue sukuma. Aliniangalia kama mtu anayetumwa na shangazi, lakini akaenda. Alikata vichipukizi asubuhi mpaka mchana, wiki baada ya wiki, na jioni alibeba mboga Ruiru akawapikia majirani. Ugali wetu hakuupenda. Alisema ni mgumu, unaweza kujengea. Alipika wake laini wa kwao, na nasikia ghorofa ya nne yote iliacha kupika Ijumaa ikawa inakuja kwake.

Kufikia Agosti mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Aina ya kisasa ilikua vizuri kwenye chupa, majani ya kijani, mizizi myeupe kama nyuzi. Ile ya mama mkwe nayo ilianza kuchipua. Kisha asubuhi moja niliingia chumba cha kukuzia kabla yake nikaona, chini ya kila mche wa mama mkwe, wingu jeupe kama maji ya mchele. Bakteria. Na hawakuwa wa nje, walioingia kwa uchafu wa mtu. Walikuwa wakiishi ndani ya mmea wenyewe tangu shambani, wametulia, mpaka walipopata sukari. Wa aina hiyo huwezi kuwafikia kwa dawa ya kuosha nje.

Sikuzitoa zile chupa. Ni kazi yake, aone mwenyewe. Alikuja, akavaa koti, akatazama chupa moja moja. Alizishusha zote, akazipeleka kwenye otokleve bakteria wauawe, kisha akazibeba sinkini. Nilimwambia aziache, kuna mtu wa kuosha. Akasema akiosha anaweza kufikiri. Nikavuta stuli nikakaa karibu, nikawa nafuta zilizokwisha kusuuzwa.

Profesa Kiragu aliita kikao, na mimi nikaitwa kwa sababu ya ratiba ya chumba cha joto. Alizungumza kwa upole. Alimweleza kwamba nusu ya muda wake inakaribia kwisha, kwamba aina ya kisasa imeenda vizuri na inatosha kwa tasnifu, na kwamba kuna wanafunzi wengi wazuri waliorudi kwao bila shahada kwa kung'ang'ania kitu kimoja.

"Andika hiyo moja, umalize," alisema. "Hakuna mtahini atakayekulaumu."

Chisomo alijibu polepole, kwa Kiswahili, ingawa Profesa alikuwa ameanza kwa Kiingereza. "Nitakuwa nimemaliza, Prof. Lakini nitakuwa nimesafisha kitu ambacho tayari kina watu wengi wa kukisafisha."

Profesa aliangalia dirishani. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba akiangalia dirishani bado hajakataa. Mwishowe akampa msimu mmoja, aina ya kisasa iendelee kuandikwa upande, na ikifika Machi bila kitu, basi. Tulipotoka alinirudisha akaniambia nimwangalie, asije akaugua. Nikamwambia mgonjwa wa kweli ni ile ngwaci.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza Ithanga kuchukua mashina mapya. Alikuwa na hofu ya kumwambia Mama Mwende kwamba yale ya kwanza yamekufa yote. Mama Mwende alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya maharagwe, kisha akasema, "Mimi imenishinda miaka, na sijaitupa. Wewe ni miezi tu umeanza kununa?" Akamkatia mashina mengine, akatupa na githeri ya kula, na kabla hatujaondoka alikuwa amemuuliza Chisomo kama ana mchumba, na kwa nini hana.

Ni njiani kurudi Thika ndipo Chisomo alipoanza kunieleza wazo lake. Bakteria hupanda ndani ya shina pamoja na maji. Kama mmea ukikaa karibu na ukame, ukinyweshwa kidogo kidogo kutoka chini, kwenye mchanga uliochemshwa, na huku uko kwenye joto linaloufanya urefuke haraka, basi huenda ncha ikakimbia mbele na kuwaacha bakteria nyuma, kama vile inavyoacha virusi. Na aina hii inavumilia ukame. Ndiyo sifa yake. Nyingine ingekufa. Jumatatu alimpelekea Profesa, naye akaongeza ushauri wake juu ya kupandisha joto hatua kwa hatua, na mimi nikatafuta sinia za chuma za kunyweshea. Hivyo ndivyo kazi nzuri ya maabara inavyokuwa. Ukiniuliza wazo lilikuwa la nani, nitakwambia la Chisomo, lakini hakuna aliyekaa bure.

Miche ilisimama kwenye kile chumba cha joto myembamba kama nyuzi za kufumia. Mara mbili tulidhani imekufa. Chisomo alikata ncha ndogo kuliko zote nilizowahi kuona zikikatwa, na nyingi zilikauka kwenye jeli bila kufanya lolote. Alizikagua kila siku bila kuzigusa. Hilo nalo ni la kujifunza, enyi vijana: mimea mingi maabara huuawa na mtu anayetaka kujua inaendeleaje.

Nne zilichipua. Tuliinamisha chupa kwenye mwanga, siku baada ya siku, tukitafuta lile wingu. Halikuja.

Lakini kukosa bakteria si kukosa virusi, na virusi havionekani. Hapo tunatumia mmea mwingine wa ukoo mmoja na viazi vitamu, wa maua ya zambarau, ambao hauwezi kuficha ugonjwa. Katika maabara yetu tuliuita shahidi. Unapandikiza kipande cha mche wako juu ya shina la shahidi, unafunga kwa utepe, unasubiri wiki tatu hivi. Kama kuna virusi, majani ya shahidi huandika: mishipa inageuka njano, jani linakunjamana. Kama hakuna, yanabaki kijani.

Shahidi wa kwanza aligeuka njano mapema. Wa pili akafuata. Wa tatu alitupa matumaini mpaka karibu na mwisho, kisha jani moja la juu likajikunja. Chisomo alizidi kupungukiwa na maneno. Wenzake wa kwaya kanisani Ruiru walinipigia simu kuuliza kama anakula. Nilianza kumletea chapati, naye akawa anakula mbele yangu kama mtoto anayesimamiwa.

Wa nne alibaki kijani. Wiki tatu zikapita, tukampa nyingine, akatoa majani mapya, nayo yakawa kijani, mapana, laini. Asubuhi ya kusoma matokeo Chisomo aligeuza kila jani juu na chini kwa lenzi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli akaniambia, "Amayi, angalia wewe. Macho yangu yana haraka."

Niliangalia. Nikaangalia tena, kwa sababu aliniomba. Nikamwambia ni safi. Alipima upya juu ya shahidi mwingine, na sampuli ikapelekwa maabara nyingine yenye mashine za kusoma vinasaba, na jibu likawa lile lile. Katika mwaka na zaidi wa kazi alikuwa amepata mche mmoja. Siku ile Profesa Kiragu alikuja chumba cha kukuzia, akaushika ule mche kwenye mwanga, tai yake karibu inagusa chupa, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba leo angependa kununulia watu soda. Tulikunywa nje, kwenye nyasi, na Profesa akawa anarudi kuchungulia kwenye kioo cha mlango kama mtu aliyeacha mtoto amelala.

Asiyeijua kazi hii anaweza kuuliza mche mmoja ni wa nini. Kila kifundo cha shina, ukikikata na kukiweka kwenye chupa yake, ni mche mpya. Mmoja unakuwa mitano, mitano inakuwa ishirini na zaidi, na kila mmoja ni ule ule. Kufikia mvua za Aprili tulikuwa na shelfu nzima ya mama mkwe. Kuitoa kwenye chupa kwenda udongoni ni kazi nyingine, maana mmea uliozoea chupa haujui upepo. Tuliifunika kwa mifuko ya nailoni na kutoboa tundu moja kila siku, mpaka ikazoea. Kisha tukaipeleka Ithanga kwenye makreti ya soda, na Mama Mwende alikuwa ameshainua matuta.

Utetezi wa tasnifu ulikuwa wazi kwa watu wote. Mama Mwende alifika akiwa amevaa nguo ya kanisani, akakaa kiti cha mbele kabisa, ambacho kwa kawaida hukaliwa na wakuu wa idara, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Mtahini wa nje, profesa naye, alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu nyekundu. Aliuliza maswali ya takwimu, Chisomo akajibu. Aliuliza jina rasmi la aina hiyo. Chisomo alisema haina, wenyewe wanaiita Ile ya Mama Mkwe, na Mama Mwende akaitikia kwa kichwa. Watu wakacheka, mtahini hakucheka. Akafunga tasnifu, akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Baada ya kazi yote hii umepata mmea mmoja. Huo unaweza kuitwa utafiti?"

Chisomo alikunywa maji, akaweka glasi chini.

"Nilikuwa natafuta mmoja, Profesa," alisema. "Hiyo mingine ilinionyesha njia ya kuupata, na njia hiyo nimeiandika ili atakayefuata asipoteze mwaka."

Mtahini alimwangalia kidogo, akaandika kitu, akasema hana swali zaidi. Tulingoja kwenye korido. Walipomwita ndani na kumwambia amefaulu, na masahihisho madogo tu, alitoka akanikumbatia, kisha akamkumbatia Profesa, ambaye hakujua aweke wapi mikono, kisha Mama Mwende, ambaye alijua.

Mahafali yalifanyika msimu ambao viazi vilikuwa tayari. Mama yake Chisomo alikuja kwa basi kupitia Tanzania, mama mfupi mwenye tabasamu la mwanawe, na siku iliyofuata tulimpeleka Ithanga. Yeye hakujua Kiswahili wala Kikamba, na Mama Mwende hakujua Kichewa. Hilo halikuwasumbua hata kidogo. Walishika kila mmoja jembe, wakaingia kwenye tuta moja kutoka pande mbili, kila mmoja akiongea lugha yake bila kunyamaza, na walipokutana katikati walikuwa wameshakubaliana kuhusu jambo fulani ambalo hatujalijua hadi leo. Viazi vilitoka vinene, vya zambarau iliyoiva, vinang'ang'ania udongo. Mama yake Chisomo alipangusa kimoja kwa chitenje, kitambaa alichojifunga kiunoni, akakivunja, akatazama utomvu mweupe ukitoka, akasema maneno marefu. Nilimuuliza Chisomo amesema nini.

"Anasema kwenye simu nilikuwa namwambia nasoma sayansi, na hakujua aombe nini kanisani. Sasa amejua."

Mama Mwende hakungoja kutafsiriwa. Alikuwa ameshawasha moto kando ya shamba, na tulikula vya kuchoma, bila sahani, mpaka jua likawa upande wa Thika. Profesa alikula vitatu. Tai aliivua, akaiweka mfukoni.

Hiyo ndiyo habari mliyokuwa mkiniuliza. Wapo wanafunzi wengine, na baadhi walipata matokeo makubwa zaidi, lakini nikiulizwa miaka yote ile ilikuwa ya nini, huwa naiona ile chupa ya nne. Mkipata mwanafunzi wa mbali, msimwonee huruma sana, na msimwache apotee. Mjue anakaa wapi. Mwacheni aoshe chupa zake, lakini mkae karibu.

Chisomo sasa anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti kwao. Mwezi niliostaafu alinipigia kuniambia wamempa chumba kitupu na fedha za kukigeuza kuwa maabara kama yetu, na anataka mtu wa kusimama naye miezi miwili ya mwanzo. Aliniambia hawezi kunilazimisha. Nilimwambia anitumie barua ya mwaliko kabla sijabadilisha mawazo, na sikuwa na nia ya kuyabadilisha.

Kwa hiyo juzi nilienda kuomba pasipoti, ya kwanza maishani. Kijana wa kwenye dirisha alikuwa mwenye heshima. Aliangalia karatasi zangu, akaniuliza kama mjukuu kwa bibi yake, "Shosho, unaenda Malawi kutembelea nani?"

Nikamwambia sitembelei mtu. Naenda kuripoti kazini.

Aliangalia tena mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho, akaniangalia mimi, akasema basi nisimame pale kwenye kitambaa cheupe apige picha. Akanielekeza nifunge mdomo, nisicheke, kwa sababu picha ya pasipoti haitaki meno. Ilibidi airudie mara kadhaa.